Waridi la Ukurasa wa Tisa

Jarida la chama cha waogeleaji watu wazima lilikuwa na kurasa ishirini na nne, na nane za mwanzo zilikuwa za mwenyekiti. Bwana Anuar akifungua mashindano. Bwana Anuar akifunga mashindano. Bwana Anuar akipeana mkono na mgeni rasmi, na mgeni rasmi mwenyewe kakatwa sikio ili mwenyekiti aenee. Chama kilikuwa na umri wa miaka tisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwona Bwana Anuar akiingia baharini kupita magoti. Lakini picha alikuwa nazo.

Baada ya hizo nane ndipo yalipokuja mengine: ratiba ya maji kujaa na kupwa, tiba ya aliyekanyaga miba ya baharini, nasaha za kupumua. Halafu ukurasa wa wanawake, na huo ulijaa mawaridi. Kila mwanachama wa kike aliyefanya la kutajwa alitajwa, na pahala pa uso wake palitiwa waridi jekundu. Bi Mayasa, mita mia nne: waridi. Bi Kaniz, mita mia mbili: waridi. Toleo moja yalikutana tisa kwenye ukurasa mmoja, ukadhani ni jarida la wakulima wa maua. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwamba iwe hivyo. Ndivyo lilivyoanza toleo la kwanza, na hakuna aliyekumbuka nani alisema.

Mwaka huu wanachama walichoka. Katika mkutano mkuu walisimama mmoja baada ya mmoja wakasema jarida halisomeki, na likapitishwa azimio: toleo lijalo liboreshwe, au lifungwe na kila kitu kihamie kwenye kundi la simu. Kazi ya kuliboresha akatwishwa mhariri, Fayaz Jivraj, mwenye duka la uchapaji Malindi ya Unguja, chini ya nyumba anayokaa na mama yake na mkewe Kaniz. Uhariri huo alikuwa akiufanya bure tangu chama kilipoanza. Alirudi nyumbani usoni kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

Kuanzia siku hiyo kila mtu alikuwa na rai. Mmoja alitaka mafumbo ya maneno, mwengine alitaka mapishi. Daktari mmoja wa meno alitaka safu ya meno. Bwana Anuar alipiga simu mara tatu kwa siku kulalamika kwamba jarida lina upungufu mkubwa wa picha.

"Picha za nani, Mwenyekiti?"

"Za viongozi."

*

"Na mie nna rai," Bi Jenabai alisema mezani mchana mmoja, akamsogezea mwanawe simu.

Bi Jenabai alikuwa na miaka sitini na sita. Alijifunza kuogelea akiwa na sitini na moja, baada ya kumaliza eda ya mumewe. Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya magoti, kwa shauri la daktari. Baadaye magoti yalisahauliwa, ikawa Jumapili haimkuti nyumbani. Wiki tatu nyuma, huko Kiwengwa, aliogelea mita mia nane, na hakuna mwanamke wa chama aliyewahi kufika mia sita.

Wanawake waliogelea kwa utaratibu wao. Hoteli moja iliwapa kipande cha pwani asubuhi maji yakijaa, na mwanamume hakanyagi mchanga mpaka wamalize. Mwalimu wao, Machano, Mtumbatu, alikaa ndani ya kidau akiwapa mgongo. Kila baada ya mita mia palikuwa na boya, na aliyefika kwenye boya aliita jina lake kwa sauti, Machano akatia alama daftarini bila ya kugeuka. Tangu aanze hakuna aliyeweza kumdanganya, maana alimjua kila mmoja kwa sauti na kwa pumzi.

Picha iliyokuwa kwenye simu aliipiga Mayasa, rafiki yake Bi Jenabai wa Mpendae, mara tu mwenzake alipotoka majini. Vazi la kuogelea lilimfunika kuanzia utosini mpaka vifundoni. Mikono kiunoni, mdomo wazi, anacheka.

"Hii ndiyo utie," alisema. "Ukurasa mzima."

Fayaz aliitazama, akairudisha simu taratibu. "Mama, hii hapana."

"Kwa nini? Pana nywele hapo? Pana mguu?"

"Hapana."

"Basi pana nini?"

"Watu watasemaje, Mama?"

"Watasema Jenabai kaogelea mita mia nane. Si ndiyo nnayotaka waseme?"

"Ntakutilia ukurasa mzima, wa rangi. Lakini..."

"Usinambie waridi."

Fayaz alitia tonge mdomoni akatafuna kuliko tonge lenyewe lilivyohitaji.

"Fayaz, mie si ua," mama yake alisema. "Mie nna sukari, nna magoti, nna uso. Zile mita mia nane hakuziogelea waridi."

"Mtilie mama picha yake," Kaniz alisema. "Kwani itabomoa nyumba?"

"Na wewe usimtie maneno."

"Maneno anayo, hana haja ya yangu."

Bi Jenabai aliinuka, sahani yake nusu. Umri ule wote alikuwa mke wa Jivraj na mama wa Fayaz, na hakuwahi kulalamika. Sasa amefanya jambo moja ambalo hakuna mtu mwengine angeweza kusema ni lake, na anataka lionekane kuwa ni lake. Aliona si ombi kubwa, na kwa kweli halikuwa kubwa.

*

Tumpe Fayaz haki yake: alitaka kumtukuza mama yake. Alikaa dukani siku mbili akiupamba ukurasa wa tisa, wa kwanza baada ya zile za mwenyekiti, bila ya kumwonyesha mtu nyumbani, kwa kuogopa mabishano. Alitafuta waridi zuri kuliko yote aliyokuwa nayo kwenye kompyuta, kisha akatafuta fremu nzuri kuliko zote. Nzuri kuliko zote ilikuwa ile nyeusi ya mistari miwili, yenye utepe pembeni.

Kwa miaka kumi na moja fremu hiyo alikuwa akiitumia kwa tanzia. Wafiwa humgongea alfajiri, na kabla ya adhuhuri makaratasi yameshabandikwa milango ya misikiti: fremu nyeusi, picha ya marehemu, na marehemu akiwa mwanamke, waridi. Nusu ya mji wamesindikizwa na fremu ile. Fayaz aliizoea mpaka akawa haioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Akatia waridi katikati, chini yake jina kwa herufi kubwa, BI JENABAI JIVRAJ, na chini ya jina, kwa herufi ndogo, habari yote: Kiwengwa, maboya manane, dakika arubaini na moja.

Akampelekea mwenyekiti aidhinishe. Bwana Anuar alizipitia kurasa zake nane kwa makini, akaomba picha moja ikuzwe, akajibu: "Safi sana. Chapa."

Alkhamisi alasiri jarida likagawiwa. Ijumaa saa moja asubuhi mlango uligongwa.

*

Kaniz ndiye aliyefungua. Walisimama wazee wawili wa kamati ya mazishi, kanzu zimepigwa pasi, nyuso zimeinama.

"Poleni sana," alisema mmoja. "Habari imetufikia kwa kuchelewa. Tunataka kujua kaburi lichimbwe wapi, kwa wazee wake au karibu na mumewe. Na kama mnajua urefu."

Kaniz alimfikiria mumewe kwanza. Fayaz alikuwa ametoka kufuata karatasi. "Urefu wa nani? Nani kafa?" aliuliza.

Mzee alimtazama kwa huruma. Aliwahi kuona wafiwa wa namna hiyo. "Vuta subira, mwanangu. Bi Jenabai."

"Kaniz!" sauti ilishuka kutoka juu ya ngazi. "Nani huyo asubuhi yote hii?"

"Kamati ya mazishi, Mama! Wanataka urefu wako!"

"Futi tano na inchi moja! Kwani vipi?"

Mzee wa pili alirudi nyuma mpaka uchochoroni, anasoma dua zote anazozijua. Yule wa kwanza alitoa jarida mfukoni, lishakunjwa ukurasa wa tisa. Kaniz aliusoma pale pale mlangoni, na masikio yakamuungua kwa hasira.

"Mmesoma hapa chini?"

"Chini wapi?"

"Hapa. Panasema aliogelea."

Mzee akatafuta miwani, asiipate. "Mwanangu, tanzia nani anaisoma? Unatazama jina, unakwenda."

Ilipofika saa tatu walikuwa watu arubaini. Mikeka ilitandikwa uchochoroni, na viti vya plastiki vilikuja, hakuna aliyejua vimetoka wapi. Walioambiwa kwamba marehemu yuko hai walishukuru Mungu, kisha wakakaa, maana maduka walishayafunga. Mama mmoja aliuliza kwa uchungu kwa nini hawakuarifiwa mapema kwamba hakufa. Mwengine alileta kilo tano za sukari na alipoambiwa aondoke nazo alikataa kabisa. "Sukari nliyoitoa kwa msiba mie siirejeshi nyumbani kwangu," alisema. Kaniz akaipokea, akapika kahawa ya watu arubaini, kwa sababu wameshakuja na hawakupewa kitu.

Bwana Anuar alikuwa ameshatoa taarifa kwenye kundi la simu tangu saa mbili, ya masikitiko makubwa, pamoja na picha yake mwenyewe. Alipoelezwa, akatoa taarifa ya pili: "Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kurejea kwa Bi Jenabai." Picha ilikuwa ile ile.

Bi Jenabai alishuka akaketi katikati ya wanawake. Wengine walimgusa mkono. Halafu, na hili ndilo lililomkera kuliko yote, waliendelea kumsifu mbele yake kama kawaida ya kilio.

"Alikuwa mpole," mmoja alisema.

"Nipo," alisema Bi Jenabai.

"Na mkono wake wa biriani!"

"Nipo, na biriani bado napika."

Akangoja. Walitaja upole, walitaja biriani, walitaja alivyomuuguza mumewe. Alingoja amsikie japo mmoja ataje mita mia nane. Kutoka nyuma, sauti ikanong'ona: "Mie nlijua tu. Ile bahari itamla."

*

Maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu waliliunganisha jarida la waogeleaji na fremu nyeusi, wakapata jibu lao: kizee kaenda kuogelea, kazama. Habari ilifika bandarini kabla ya saa nne, na huko Machano alikuwa akipakua mizigo, kwa kuwa uogeleaji haumlishi mtu.

Alitokea mlangoni na nguo za kazi, anahema.

"Boya la nane aliita," aliwaambia watu wote na hakumwambia mtu. "Wallahi aliita. Nlimsikia kwa masikio yangu. Nshatia alama!"

Watu walimtazama kwa macho mabaya, hata wale waliokwisha kujua kwamba hakuna aliyekufa.

"Machano!" Bi Jenabai aliita kutoka ndani.

"Naam!"

Aliitikia kabla ya kufahamu anaitikia nini. Halafu akakaa kizingitini akalia bila ya kuficha uso. "Bi mkubwa," alisema, "watu watatu wameshaniita muuaji tangu asubuhi."

Na hilo halikuwa la mwisho. Alasiri zikaanza kuingia salamu za simu kutoka kwa wenzake Bi Jenabai wa Jumapili. Mume wangu kasema basi. Mama mkwe kanikataza. Tungoje kwanza mambo yatulie. Wanawake walikuwa tisa, na mpaka magharibi inakaribia walibaki watatu: yeye, Kaniz na Mayasa. Miaka mitano Bi Jenabai alikuwa akiwavuta mmoja mmoja. Alikwenda majumbani mwao, alikunywa chai na mama wakwe zao, aliapa kwamba Machano hageuki. Alizisoma zile salamu mara mbili, akaitupa simu juu ya kiti.

*

Bwana Anuar alifika muda huo huo, kanzu nyeupe, uso wa mtu aliyekosewa.

"Tutoe sahihisho," alisema. "Dogo. Ukurasa wa mwisho. Na waridi, ila safari hii tutie la manjano, watu wasichanganyikiwe."

Fayaz, aliyerudi tangu asubuhi, alitazama sakafu.

"Mwenyekiti," alisema Bi Jenabai, "leo nimeulizwa urefu wa kaburi langu. Nimekaa kwenye kilio changu, nikasikia napika vizuri. Wanawake sita wamefungiwa majumbani, Machano kaitwa muuaji. Na wewe umekuja na ua jengine."

"Bi Jenabai, tunalinda heshima yako."

"Heshima yangu nnayo toka hujazaliwa. Fayaz! Sema. Hao watu uliowaogopa ni nani? Nitajie mmoja."

Fayaz alimtazama mama yake tu.

"Hakuna mtu, Mama. Ni mimi. Ile picha... Sijapata kukuona ukicheka vile humu ndani. Hata baba alipokuwa hai. Niliiona nikahisi kama tumekukosea miaka yote, na mie sikutaka kila mtu mjini aione."

Kaniz aliinua macho. Uso wa Bi Jenabai ulilegea, kisha ukakaza tena.

"Ya miaka yote niachie mwenyewe," alisema. "Ya leo ndiyo yako. Yatengeneze."

"Ntachapa karatasi ya ziada. Kesho. Uso wako, ukurasa wa mbele."

"Ukurasa wa mbele ni wa mwenyekiti," alisema Bwana Anuar.

"Ulikuwa," alisema Fayaz, na yeye mwenyewe akashangaa.

*

Jumamosi asubuhi Fayaz aliamka na ari ya mtu aliyetubu. Picha ya mama yake aliitia mbele, kubwa, mdomo wazi, na chini yake kwa herufi zisizohitaji miwani: YUKO HAI. AMEOGELEA MITA MIA NANE. Kisha akafungua upande wa pili na kuanza kuyafuta mawaridi, anatafuta picha za wale wengine kwenye simu ya mama yake.

Bi Jenabai alikuwa nyuma yake. "Unafanya nini?"

"Naliboresha, Mama. Wote nawatia nyuso."

"Ushawauliza?"

Fayaz aligeuka.

"Miaka tisa huulizi, unawatia waridi," alisema mama yake. "Leo huulizi, unawatia uso. Umebadilika nini?"

Fayaz akavuta simu, akapiga moja baada ya nyengine, na karatasi mbele yake. Mayasa alisema tia, tena ile ya miwani ya kuogelea. Nadra alisema mumewe hana neno, ila yeye mwenyewe hapendi. Ummkulthum aliuliza kwanza: "Kwani waridi lilikuwa linaweza kukataliwa?" Mmoja alisema atie viganja vyake tu. Mmoja alimtukana kwa mambo ya jana, kisha akasema tia. Kuuliza si ujinga, wanasema wazee, lakini kila alipouliza Fayaz alijiona mjinga zaidi. Kabla ya adhuhuri karatasi zilitoka, Machano akazibeba mwenyewe akazunguka nazo mtaa kwa mtaa, anawawekea watu mikononi na kusimama pale pale mpaka wasome. Alasiri wanne kati ya sita wakasema Jumapili watakwenda. Wawili hawakujibu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kabla ya kuchapa, Kaniz alishuka dukani na kikombe cha chai, akakiweka juu ya meza, asiondoke.

"Ushawauliza wote?"

"Wote."

"Wako wangapi?"

"Tisa," alisema Fayaz, na akaanza kuwahesabu kwenye karatasi kwa ncha ya kalamu. Mama yake, na saba wa simu. Akahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Akainua kichwa akamwona mkewe amesimama pale pale, anamtazama.

Kaniz alikuwa na mwaka wa nne baharini. Kila toleo Fayaz alimtilia waridi lake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akapanda juu kula chakula alichokipika. Jana alimpikia kahawa watu arubaini na hakuna aliyempa pole. Fayaz aliona haya, haya ya kweli, ya kukosa pa kutia uso. Alitaka kusema samahani, akaona kwamba samahani sicho alichokuja kusubiri.

Akavuta karatasi, akashika kalamu kama alivyofanya kwa wale wengine. "Bi Kaniz," alisema, "nikutilie uso au waridi?"

Kaniz hakuharakisha. Alivuta kiti akakaa, akafikiri, na Fayaz akangoja na kalamu juu.

"Waridi," alisema mwishowe. "Hili nimelitaka mwenyewe."

Fayaz akaandika.